Makopa ya Karatasi: Mwongozo Kamili wa Kukunja, Kusuka na Kuning'iniza Ukiwa na Watoto Nyumbani

Ukiwaambia watoto wa Mtwara "leo tunatengeneza makopa", jiandae kuulizwa muhogo uko wapi. Huku kwetu makopa ni muhogo uliomenywa na kukaushwa juani, unaosubiri kinu au mashine. Mtoto mmoja wa jirani aliniuliza kwa dhati kabisa kama atwange yeye. Makopa ninayoyasema hapa ni yale ya kwenye karata, alama ya moyo, yaliyokunjwa kwa karatasi na kuning'inizwa sebuleni siku ya Idd, Krismasi, mahafali ya chekechea au siku ya kuzaliwa. Ila muhogo nao utakuwemo, maana gundi yetu inatoka huko huko.

Nimefanya kazi hii na wanangu wawili na watoto wa majirani, barazani kwetu Chikongola, likizo za Desemba tatu mfululizo. Nilichojifunza ni kwamba kopa haliharibiki mwishoni. Linaharibika mwanzoni, kwenye kipimo cha mraba na mkunjo wa kwanza. Mtoto akiyapata hayo mawili, mengine yanakwenda yenyewe. Akiyakosa, hata umsaidie namna gani litatoka pogo. Kwa hiyo usione nimeng'ang'ania mambo ya rula.

Karatasi, na hewa yetu ya bahari

Karatasi ya A4 ya fotokopi, ile ya gramu 80, ndiyo ya kuanzia. Steshenari wanazo za rangi na wanakuuzia shiti moja moja, huhitaji kununua rimu. Manila, ile walimu wanayochorea chati, iache. Ni nene, ukiikunja mara tatu inapasuka kwenye mkunjo na kuonyesha weupe wa ndani. Gazeti nalo ni legevu mno. Karatasi ya kufungia zawadi inafaa sana kwa kopa la kukunja, kwa sababu ina rangi upande mmoja na upande wa pili hauonekani kazi ikishaisha. Kurasa za kalenda ya mwaka uliopita usizitupe: zinateleza, na kuteleza ndiko kunakotakiwa kwenye kopa la kusuka.

Karatasi inanyonya unyevu wa hewani, na sisi wa pwani tunao wa kugawa. Masika, shiti iliyolala mezani usiku kucha inaamka imelegea kama chapati ya jana, ukiikunja inafunguka yenyewe taratibu. Dawa yake ni kuzihifadhi karatasi kwenye ndoo kavu yenye mfuniko na kutoa zile tu mtakazotumia. Kazi yenyewe tunaifanya mchana, jua likishakausha hewa. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Tulipamba baraza tangu jioni ili asubuhi ya sherehe tuamke kumepambwa. Umande ulishuka, makopa yakainamisha vichwa kama kuku waliolowa, na yale mekundu yakachuja rangi ukutani. Ukuta mweupe. Alama moja bado ipo, tumeisogezea kiti.

Gundi ya muhogo

Sisi tulibandika tiara kwa ugali, na zilipaa. Gundi hii ni ndugu wa ule ugali, laini zaidi. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo, robo tatu ya kikombe cha maji. Koroga unga na maji yakiwa baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo huku unaendelea kukoroga. Mwanzo ni mweupe kama maziwa. Ghafla unaanza kushika mwiko, weupe unapotea, unabaki uji wa kung'aa unaovutika kama kamasi (watoto watalisema neno hilo kabla yako). Ipua hapo hapo, uache upoe. Kazi ya jikoni fanya mwenyewe, uji huu ukimrukia mtoto unaganda kwenye ngozi na kuunguza.

Paka kidogo sana, kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Gundi ikizidi karatasi inajikunyata. Ikikaa siku mbili inachacha, kwa hiyo pika ya siku moja. Na ujue mende wanaipenda: mapambo yaliyobandikwa kwa unga yasilale kabatini pamoja na nguo.

Vifaa vingine ni vya kawaida: mkasi wa ncha butu kwa wadogo, rula, penseli, stepla, sindano, selotepu, na mshipi wa kuvulia. Nitaueleza mshipi tukifika kwenye kuning'iniza.

Kukata shiti bila kupoteza kitu

Shiti ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Shika pembe moja ya upande mfupi, ilaze mpaka upande mfupi wote ukae juu ya upande mrefu. Utapata pembetatu, na pembeni yake kipande kilichobaki wazi. Kata kipande hicho. Ukifungua pembetatu una mraba wa sentimita 21 kila upande, na hukuhitaji rula.

Mraba huo ukunje katikati mara mbili, ukate kwenye mikunjo, unapata miraba minne ya sentimita 10.5. Kile kipande kilichobaki, kina sentimita 8.7 kwa 21, kikate kwa urefu wake upate tepe nne za sentimita 2. Shiti moja imekupa makopa manne ya kukunja na manne ya utepe, kilichoachwa ni uzi mwembamba wa karatasi ambao mtoto mdogo ataufanya bangili.

Kabla hujaendelea, hakikisha kila mraba kweli ni mraba: ukunje pembe kwa pembe. Kingo zikipitana hata kwa unene wa kucha, punguza kwa mkasi sasa hivi. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Watoto wananiita mwalimu wa hesabu, na si kwa sifa.

Kopa la kukunja

Hili halina mkasi wala gundi. Ukunjaji wa namna hii, karatasi moja ya mraba bila kuikata, umekuzwa zaidi na Wajapani, nao wanauita origami. Mtoto wa miaka 7 analiweza peke yake baada ya kuonyeshwa mara mbili. Kaa naye upande mmoja wa meza, usimkabili uso kwa uso, maana mkono wako wa kulia utakuwa kushoto kwake na mtapotezana.

1. Laza mraba, upande wa rangi ukiwa chini. Uzungushe ukae kama uru wa kwenye karata, pembe moja juu na moja chini.

2. Kunja pembe ya kushoto ikutane na ya kulia, piga mkunjo, fungua. Kunja ya juu ikutane na ya chini, piga mkunjo, fungua. Sasa una mistari miwili kama alama ya kujumlisha. Mkunjo unapigwa hivi: bana pembe zikiwa zimelingana, gandamiza katikati kwa kidole, kisha teleza kuelekea nje kwa mgongo wa ukucha. Anayeanzia pembeni na kusukumia katikati anaivuta karatasi.

3. Teremsha pembe ya juu mpaka ncha yake iguse pale mistari inapokatana. Piga mkunjo, usifungue.

4. Pandisha pembe ya chini. Hii haiishii katikati, inapita mpaka iguse ukingo wa juu ulioupata sasa hivi. Watoto wengi wanasimama katikati kwa sababu ya juu ilisimama hapo. Ukisimama katikati, juu hakutakuwa na lile bonde la kopa, utapata ngao.

5. Mbele yako sasa kuna kitu kipana kama mtumbwi. Weka kidole katikati ya ukingo wa chini. Shika nusu ya kulia ya ukingo huo, uipandishe mpaka ilale sawasawa juu ya mstari wa wima wa katikati. Fanya hivyo hivyo kushoto. Kingo mbili zinakutana katikati bila kupandana, chini pamechongoka, juu yametokeza masikio mawili. Kopa limeshaonekana, ila lina makali.

6. Ligeuze. Utaona ncha nne: mbili juu, mbili pembeni. Zile za juu zikunje chini nusu sentimita hivi, za pembeni zikunje kwa ndani kidogo. Ligeuze tena. Makali yameondoka.

Kwa mraba wa sentimita 10.5 linatoka na upana wa karibu sentimita 9. Ukitaka kubwa la kuweka katikati ya ukuta, tumia mraba mzima wa 21. Sishauri kushuka chini ya sentimita 7 mkiwa na watoto, vidole vinakosa pa kushika.

Kopa la hewa ya Mtwara huwa linataka kujifungua katikati baada ya siku mbili. Punje ya gundi ya muhogo chini ya kila bawa inalituliza. Au lilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja kabla ya kulitundika.

Sasa neno kwako mzazi. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka 5, alikunja kopa ambalo sikio moja lilikuwa juu kuliko jingine. Alipokwenda kunywa maji nikalifungua haraka, nikalinyoosha, nikalirudisha mahali pake. Akarudi, akalishika, akaligeuza, akalirudisha mezani. "Hili si langu." Akaanza lingine, na hilo la kwangu hakulitundika. Tangu siku hiyo mikono yangu inakaa kwenye karatasi yangu. Akikwama nakunja la kwangu polepole pembeni yake, anachungulia.

Kwa wadogo zaidi

Wa miaka 3 au 4 kukunja hatua sita hawawezi. Mpe karatasi iliyokunjwa mara moja, umwambie achore sikio kutokea kwenye mkunjo: mviringo juu, ncha iliyochongoka chini. Akate, afungue. Akichora upande ule ulio wazi badala ya upande wa mkunjo, atapata vipande viwili vilivyopinda, navyo havina kazi ila vinafanana sana na korosho. Tunavyo vingi.

Kopa la utepe nalo ni lao. Kunja utepe wa sentimita 2 kwa 21 katikati, mkunjo ukae chini. Ncha mbili za juu zipinde kwa ndani mpaka zielekee chini, zikutane mgongo kwa mgongo, piga stepla. Basi. Mtu mzima apige stepla, mtoto apinde.

Kopa la kusuka, linalofunguka kama kikapu

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloliza watu. Asili yake ni Denmark, ambako familia huyasuka kila Krismasi, huyatundika kwenye mti na kuyajaza peremende. La zamani zaidi linalojulikana lilitengenezwa na mwandishi Hans Christian Andersen mwaka 1860, na limehifadhiwa Odense, mji aliozaliwa. Bwana huyo alikuwa na tabia ya kukata karatasi kwa mkasi huku akisimulia hadithi.

Chukua shiti mbili za rangi tofauti, tuseme nyekundu na nyeupe. Kila shiti ikate tepe nne za sentimita 7 kwa 21. Utepe mmoja mwekundu na mmoja mweupe unatoa kopa moja, kwa hiyo shiti mbili ni makopa manne.

Kunja kila utepe katikati, uwe na sentimita 7 kwa 10.5. Upande ulio wazi uzungushie mdomo wa glasi ya chai na ukate mviringo, karatasi zote mbili kwa pamoja. Kisha, kutokea upande wa mkunjo, kata mistari miwili iliyonyooka ili upate vidole vitatu vyenye upana sawa, yaani sentimita 2.3 kila kimoja. Urefu wa kukata ni sentimita 7.3. Ule upana wa utepe, saba, lazima uzidishwe kidogo. Ukikata saba kamili, au pungufu, mstari wa mwisho hautaingia, na utakapogundua utakuwa umeshamaliza theluthi mbili za kazi.

Sasa elewa jambo moja kabla ya kugusa. Kila kidole kina karatasi mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo ni kama mfuko mwembamba. Humu hakuna juu na chini kama kwenye ukili. Kuna ndani na nje: kidole kinaingia ndani ya mwenzake, au kinafunguka ili mwenzake aingie ndani yake.

Shika nyekundu mkono wa kushoto na nyeupe mkono wa kulia, vidole vikielekeana kama pembe ya meza. Chukua kidole chekundu kilicho karibu na nyeupe. Kiingize *ndani* ya kidole cheupe cha kwanza. Kifungue, kidole cheupe cha pili kipite *ndani yake*. Kisha kiingize tena *ndani* ya cheupe cha tatu. Kisukume juu mpaka kifike mwisho wa mkato. Mstari wa kwanza umekwisha.

Kidole chekundu cha pili kinafanya kinyume: cheupe cha kwanza kinaingia ndani yake, chenyewe kinaingia ndani ya cha pili, cha tatu kinaingia ndani yake. Cha tatu kinarudia kama cha kwanza. Mstari huu wa mwisho unabana. Usivute. Weka kidole gumba ndani ya mfuko na usogeze mistari ya kwanza juu zaidi, milimita kwa milimita, nafasi itapatikana. Ikichanika kidogo karibu na mviringo, selotepu kwa ndani inaficha.

Mama yangu, aliyesuka mikeka maisha yake yote, alikaa nasi akatazama mara moja na kusema hiki ni kitu cha watoto. Akasuka chake kabla mjukuu hajamaliza mstari wa kwanza. Miraba ilikaa sawa kuliko ya mtu yeyote pale.

"Bibi, halifunguki."

"Kwani mkeka unafunguka?"

Alikuwa amesuka juu na chini, karatasi mbili kwa pamoja, kama ukili. Zuri, bapa, halina tumbo. Basi kama nyumbani kuna msukaji, mweleze lile la ndani na nje mapema, maana mikono yake ina mazoea yake. Kopa la mama tulilitundika vilevile.

Lako likifunguka, bandika mshikio wa sentimita 1.5 kwa 20 kwa ndani, pande zote mbili, uache gundi ikauke kabisa. Ndani tunaweka korosho za kukaanga, na Desemba hazikosi. Tandika kwanza kipande cha tishu, la sivyo mafuta ya korosho yanatoa madoa yanayoonekana mpaka ng'ambo ya chumba. Usijaze: korosho sita saba zinatosha, mshikio ni wa karatasi.

Kuning'iniza

Uzi wa cherehani unajisokota na makopa yanafungana yenyewe kwa yenyewe. Mshipi mwembamba wa kuvulia hausokotani ovyo, hauharibiki kwa maji, na kwa mbali hauonekani, kwa hiyo makopa yanaelea. Nunua mita chache, uziangalie ndoano zisije pamoja nao.

Kopa la kukunja litobolee kwa sindano chini kidogo ya bonde, si kwenye sikio, la sivyo litalala ubavu. Pitisha mshipi na uushike kwa kipande kidogo cha selotepu nyuma ili lisiteleze. Acha sentimita 15 kati ya kopa na kopa. Sisi tunatumia ufito mmoja wa mita 1, mishipi mitano, makopa manne kila mshipi. Hayo ni makopa 20, shiti tano za A4, na zinakubakizia tepe 20 za wadogo.

Mahali ni ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari, mbali na mshumaa au kibatari umeme ukikatika, na mbali kabisa na pangaboi. Mtu husahau pangaboi kwa sababu wakati wa kupamba limezimwa. Wageni wakiingia, mmoja anasema joto, anawasha, na makopa yako yanakwenda kuhesabiwa sakafuni. Barazani tundika asubuhi ya siku yenyewe, umande ukishakauka, uyatoe kabla ya magharibi.

Sherehe ikiisha, ya kukunja na ya kusuka yanarudi bapa. Toa korosho zote, panga makopa katikati ya kitabu kikubwa, kitabu kiingie kwenye ile ndoo yenye mfuniko. Ya utepe hayahifadhiki. Kwetu kesho yake huwa yako vichwani mwa watoto, yamebanwa kwenye nywele.